Dari ya Fundi Cherehani

Chuo cha Jamii, Bweni la Wanawake, chumba namba 9
3 Februari

Kwa Fundi na Kasuku,

Nimefika salama. Hilo nimelitanguliza ili Fundi asome mstari mmoja kisha arudi kwenye cherehani yake, maana subira yake kwa karatasi naijua. Kasuku mwanangu, wewe endelea kusoma.

Simu yangu msiipigie. Siku ya pili tu tulipandishwa juu ya karakana kuangalia tangi la maji. Mwalimu wa mabomba akasema, "Chungulieni ndani, mniambie mnaona nini." Nikachungulia, nikamwambia naona simu yangu inazama. Darasa lilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Basi tutaandikiana. Dereva wa gari la vifurushi anapita hapa kila wiki na amekubali kubeba barua zetu. Isitoshe, mwalimu wa mawasiliano anasema mwandiko wangu unahitaji mazoezi kuliko ulimi wangu.

Tuko kumi na tisa darasani. Siku ya kwanza nilipoingia wote walisimama, wakidhani mimi ndiye mwalimu. Nilipokwenda kukaa kiti cha nyuma wakabaki wamesimama, wanaangaliana. Anayenifuata kwa umri ana miaka ishirini na sita, na ananiita Bi Mkubwa.

Jirani aliniuliza usimamizi wa majengo ni kitu gani, nikashindwa kumjibu. Sasa mwambieni hivi: jengo likienda vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu analiangalia. Maji yakikatika, lifti ikikwama, choo kikifurika, ndipo kila mtu analijua jina lako. Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na miwili kwa ufagio. Mkurugenzi amesema nafasi ya msimamizi wa jengo letu la kazini itajazwa mwezi wa nane, na hatachukua mtu asiye na cheti. Yule aliyeondoka alikuwa nacho cheti, na hakujua koki kuu ya maji iko wapi. Nilimwonyesha mimi, ndoo mkononi. Safari hii nataka mtu mmoja awe na vyote viwili, cheti na koki, na mtu huyo ni mimi.

Fundi, maneno yako ya getini ninayo bado. "Ukiondoka, nyumba hii itaanguka." Mbele ya jirani! Nakujulisha kwamba tumeshasoma vinavyoangusha nyumba. Ni maji, mchwa na uzembe. Mke kwenda shule hakumo.

Nimeweka humu karatasi ya ukaguzi. Kila Jumamosi mmoja wenu apande kwenye paa la zege la jikoni, alitazame tangi, aweke alama ya vema. Ni kazi ya dakika tano.

Ni mimi,
Mama mwenye nyumba


Nyumbani
13 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu wewe ukiongea na simu mtaa wenu mzima unapata habari, na hii isitoke mdomoni mwako. Dari ya sebule imeanguka.

Siyo yote. Ni upande ule wa cherehani. Jana saa saba mchana baba alikuwa anamrekebishia bibi harusi gauni. Bibi harusi amesimama juu ya stuli, mimi nimeshika pini. Dari ikalia kwaa. Baba hata hakuinua kichwa, akasema, "Paka huyo." Ikalia tena. Bibi harusi akauliza, "Paka gani mzito hivyo?" Kabla hajajibiwa, paka akashuka: mabamba ya jasi, maji ya ndoo kadhaa, na kiota cha ndege. Hakuna aliyeumia. Gauni lilikuwa jeupe na jasi ni nyeupe, kwa hiyo tulichukua muda kujua kipi ni kipi.

Kumbe boya la tangi lilikuwa limekwama, maji yanafurika polepole juu ya jikoni na kuingia chini ya mabati ya sebule. Mama alitutumia karatasi ya ukaguzi. Jumamosi baba aliweka alama ya vema akiwa amekaa kwenye kiti.

Alipomaliza kuwaomba radhi watu wa harusi, alikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, futi shingoni, jasi kichwani kama mzee wa miaka mia. Akaniambia, "Mama yako asijue." Nikadhani anaona aibu kwa yale maneno yake ya getini, maana kila jirani aliyekuja kuchungulia ameyakumbusha. Lakini akasema, "Akijua atapanda gari la kwanza. Na akirudi sasa, kule haendi tena."

Anasema ataitengeneza mwenyewe. Nikamwambia, baba, wewe ni fundi cherehani. Akanijibu, "Fundi ni fundi."

Tafadhali shangazi, hata mbuzi wako usimwambie.

Kasuku


Nyumbani
15 Februari

Mama mpenzi,

Huku kwema kabisa. Nyumba ipo. Kuta zote zipo. Baba hajambo na anakusalimu. Anasema mikono yake ni ya kitambaa, ya kalamu hana. Karatasi ya ukaguzi tunaijaza kwa uaminifu mkubwa, kuanzia leo.

Sebule siku hizi ina hewa nzuri sana.

Mama, nina rafiki yangu, humjui, amehamia juzi. Anauliza: boya la tangi likikwama, mtu hulikwamua vipi? Na kama, kwa mfano tu, dari ya mtu imelowa kidogo na kushuka kidogo, hadi sakafuni, mtu huyo anaanzia wapi? Rafiki huyu anapenda elimu kupita kiasi. Anauliza pia kama ni kawaida mtu akiwa amekaa kwenye kochi kuona mabati.

Usijisumbue kujibu upesi. Ila dereva wa vifurushi anaondoka huko Ijumaa saa mbili asubuhi, ukiweza.

Mwanao,
Kasuku


Chumba namba 9
22 Februari

Kasuku mwanangu,

Barua yako imenifurahisha hata nikaisoma kwa sauti bwenini. Sikujua kama una rafiki mwenye akili hivyo. Wewe mwenyewe ukiambiwa habari za mabomba huwa unakumbuka ghafla kwamba una nguo za kuanua.

Mwambie kwanza kabisa afunge koki inayopandisha maji. Halafu alifungue boya, asugue fimbo yake kwa siki mpaka ule ukoko mweupe utoke, kisha alitikise sikioni. Akisikia maji yanacheza ndani, limetoboka, halifai tena. Kuhusu dari, asiifunike! Afungue madirisha, aiache ikauke wiki tatu. Mwalimu wetu wa mbao anasema hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanaona doa, wanaona aibu, wanaliziba. Unyevu ukizibwa unakwenda kutafuta pengine pa kutokea.

Mimi huku mzima. Jaribio la kwanza tumeshafanya. Sina la kusema zaidi kuhusu hilo.

Sasa habari kubwa. Kwa kazi ya mwisho kila mwanafunzi anachagua jengo analolijua, anaandika mpango wa kulitunza mwaka mzima, kisha mwalimu anakwenda kulikagua kwa macho yake. Vijana wamechagua hoteli na hospitali. Mimi nimechagua nyumba yetu, ninayoijua hata nikifumba macho. Ukurasa wa kwanza umeshakamilika. Unaanza hivi: "Dari ya sebule iko katika hali nzuri sana."

Mama


Nyumbani kwa Shangazi
11 Machi

Wifi yangu,

Mimi si mmbea, unanijua. Mengine niliyameza tangu mwezi wa pili, lakini hili nimekaa nalo moyoni siku nzima na nusu, na sasa linanipandisha presha.

Nilikwenda kuwaona watu wako. Wifi, sebule yako ina dari ya kitambaa. Ile ya zamani ilianguka mwezi wa pili, mchana kweupe, juu ya harusi ya watu, nawe umefichwa. Kaka yangu amekata satini nyeupe, akaishona marinda pembeni, akaipigilia juu kwa misumari midogo. Nilipoingia nilidhani tuna sherehe. Kasuku alimsomea barua yako kwamba mtu asifunike. Unajua alijibu nini? "Aliyekatazwa ni rafiki yake Kasuku. Mimi sikutajwa."

Siku nne ilikaa vizuri, nakiri, ilipendeza. Ya tano ikanyesha mvua, na bati lina tundu, walikuwa hawajaliziba. Tumekaa tunakunywa chai, nikaona dari imeota kitambi. Tukakitazama kinakua. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ina miezi mingapi?" Akapanda kwenye kiti akakibonyeza kwa kidole.

Wifi, aliyekuwa chini ya kitambi ni mimi. Na nywele nilikuwa nimetoka kusuka asubuhi ileile.

Rudi nyumbani. Hawa wawili hawajiwezi. Na mimi sikukwambia kitu.

Wifi yako akupendaye


Chumba namba 9
21 Machi

Kasuku mwanangu,

Msalimie baba yako, na mgeni yeyote aliyelowa hapo karibuni.

Sina habari mpya. Ila tumefika sura ya saba ya kitabu chetu, na humo kuna nyumba ya mfano iliyonivutia. Nakuandikia habari zake, labda yule rafiki yako atazipenda. Nyumba hiyo ina sebule ya futi kumi na mbili kwa kumi na nne, dirisha lake moja linatazama choo cha jirani, na baba wa nyumba anafanya kazi ya kukaa. Dari ilianguka. Baba huyo akaifunika kwa kitambaa. Kitabu hakielezi kwa nini. Nadhani mwandishi naye alishindwa.

Basi kitabu kinaagiza hivi. Avue kitambaa chote, na marinda yake. Azibe bati kwanza, kabla hajagusa kitu kingine. Akague mbao za juu kwa kuzichoma na bisibisi, moja baada ya nyingine. Ikizama, mbao imeoza, itolewe. Plaiwudi ikatwe pungufu kwa unene wa kalamu kila upande, kwa sababu mbao hutanuka. Asiache pindo. Hapo kitabu kimepiga mstari mara mbili: plaiwudi haina pindo. Asipande kwenye stuli, apande kwenye meza ya kukatia. Binti wa nyumba hiyo ashike upande wa pili na asicheke, maana baba yake akichekwa anaharakisha, na akiharakisha anaharibu.

Mwalimu wa mabomba atakuja kukagua nyumba tarehe 16 Juni. Nawakumbusha tu.

Mama


Nyumbani
20 Aprili

Mke wangu,

Barua yangu ya mwisho kwako ilikuwa kabla ya ndoa, ile uliyoitunza kwenye sanduku. Leo nakwambia sikuiandika mimi. Aliiandika rafiki yangu karani, nami nikamshonea shati. Hii naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka kama mshono wa mwanafunzi.

Dari ilianguka tarehe 12 Februari. Kosa ni langu; niliweka alama kwenye karatasi yako bila kupanda juu. Nikaifunika kwa satini, na satini nayo ikamwangukia dada yangu. Nikaleta plaiwudi. Nikaipima vizuri sana, maana kupima ndiyo kazi yangu, nikaacha inchi moja kila upande. Haikuingia. Nikapunguza, ikawa fupi. Nguo ikibana unaachia mshono, ikipwaya unaiingiza. Plaiwudi ukishaikata imekwisha, haikusikilizi. Nimekuwa fundi miaka thelathini sijakutana na kitu kikaidi hivyo.

Ndipo ikaja habari ya nyumba ya kitabuni. Kasuku alinisomea mara tatu. Nilishangaa kitabu cha chuo kulijua dirisha la choo cha jirani, lakini nikanyamaza nikafuata. Bati nimeziba. Mbao nimechoma zote na bisibisi. Kwenye mbili ilizama, nimezibadilisha. Kipande cha mwisho kimeingia Alhamisi iliyopita, kimekaa kama kola iliyopigwa pasi. Nilishuka mezani nikakaa chini nikakitazama hadi Kasuku akaniuliza kama naumwa.

Sasa lile la getini. Mimi sikuwa naogopea nyumba. Miaka ishirini na miwili kila jioni unarudi unanisimulia jengo lile limefanya nini, nami nakusimulia suruali gani imekataa. Nikaona utakwenda kule utajua mambo ya mashine na michoro, utarudi huna tena la kunisimulia, kwa sababu sitaelewa. Nitabaki na futi yangu shingoni. Nilitaka kukwambia hivyo. Mdomo ukafunguka ikatoka nyumba.

Njoo na mwalimu wako. Ukitaka kunifokea, nifokee kabla hajafika.

Fundi


Chumba namba 9
29 Aprili

Mume wangu,

Habari ya karani niliijua tangu zamani. Mwandiko uleule ulikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Nikafikiri siku mbili, nikaona bora niolewe na aliyeshona shati.

Na habari ya dari ninayo tangu Machi. Dada yako si mmbea, ameniandikia hivyo mwenyewe. Sura ya saba haipo. Kitabu chetu kina sura sita.

Nami nina langu nililowaficha. Jaribio la kwanza nilipata thelathini na moja kwa mia. Mchoro wa jengo niliushika kichwa chini miguu juu. Mtungi wa kuzimia moto niliuweka chooni, na mlango wa dharura nikaufungulia ghorofa ya tatu, kwenye hewa. Kijana yule wa miaka ishirini na sita alinipigapiga begani, akasema, "Usijali, Bi Mkubwa, umejitahidi." Afadhali angenicheka.

Alama zilitoka wiki ileile barua ya wifi ilipofika. Nikafungasha. Nikaenda kituo cha magari, nikakaa kwenye benchi, tiketi mkononi, moyo mweupe kabisa. Nilisema nimepata sababu nzuri. Nyumba imeanguka, nani atanilaumu nikirudi?

Nimekaa pale kama saa nzima. Nyuma yangu bomba la kituo linavuja, tii, tii, tii, na watu wanaliruka. Nikainuka nikaenda kulifunga. Koki yake ilikuwa imefichwa nyuma ya pipa, nikaiona bila kufikiri. Niliporudi kwenye benchi nikajiambia ukweli. Sikuwa narudi kutengeneza dari. Dari ilikuwa na watu wazima wawili chini yake. Nilikuwa naukimbia mchoro.

Nikarudi chuoni kwa miguu na begi langu. Nikamwambia yule kijana anifundishe michoro, nami nimfundishe pampu, maana kumbe ikiwaka tu yeye anaruka. Jaribio la pili nimepata sabini na nne.

Kazi yangu ya mwisho nimeianza upya. Sasa ukurasa wa kwanza unasema: "Dari ya sebule ilianguka tarehe 12 Februari kwa sababu ukaguzi ulifanywa kutoka kwenye kiti." Jina lako sikulitaja. Nimeandika "mhusika". Vijana wananionea wivu. Hospitali zao hazijaanguka hata moja.

Sitakufokea. Nitakusimulia yote, na michoro pia. Usipoelewa utasema nirudie, kama mimi ninavyokuuliza kila mwaka tofauti ya kitani na pamba, na hujawahi kuchoka.

Mke wako


Nyumbani
17 Juni

Shangazi,

Nilikuomba uje ukakataa kukaa chini ya dari ile. Haya, soma.

Mama alifika jana saa tatu asubuhi na mwalimu wa mabomba, kwenye pikapu ya chuo. Baba alikuwa amevaa suti tangu saa kumi na mbili. Mama alimtazama juu hadi chini, akamnyoosha kola, akaingia ndani, akainua kichwa. Yeye anaitazama dari, sisi tunamtazama yeye. Nilihesabu mpaka arobaini.

"Nani alipiga hii misumari?"

"Mimi," baba akasema.

"Mbona imepangika hivi?"

"Nafasi ya sentimita kumi na tano, kila mmoja. Nimeizoea kwenye vifungo."

Mama akasema anakwenda kunywa maji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akadai jikoni kuna vumbi. Jikoni nilikuwa nimepiga deki mara mbili.

Mwalimu ni mtu mfupi, mkali, anaandika kila kitu. Aligonga dari kwa mpini wa bisibisi kuanzia pembe hadi pembe, sikio juu kama daktari. Akamwuliza baba alisomea wapi useremala. Baba akajibu, "Kwa barua." Mwalimu akafungua faili la mama, akasoma, akatazama dari, akasoma tena. Kisha akamwambia, "Wanafunzi wengi wanashindwa kusimamia jengo wakiwa ndani yake. Wewe umelisimamia ukiwa mbali, na waliolitengeneza wala hawakuhisi kusimamiwa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo." Amefaulu, shangazi! Mkurugenzi naye ameleta barua: anaanza mwezi wa nane tarehe moja, funguo zote za jengo mkononi mwake. Baba ameshampima kwa ajili ya koti la kazi. Anataka mifuko sita.

Sasa sikiliza lililofuata. Walipanda wote watatu juu ya jikoni kuliangalia tangi. Mwalimu akashuka kwanza. Alipofika chini akaitikisa ngazi yetu, akainama, akaona kipago cha tatu cha kukanyagia kimefungwa kwa lastiki ya kiuno cha suruali.

"Nani amefanya hivi?"

"Kuna fundi mmoja," nikasema.

"Na watu wanaipanda?"

"Hata wewe, mwalimu."

Akaibeba ngazi, akaitupa kwenye pikapu, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona ngazi ya hatari kama hiyo, na lazima wanafunzi wa mwakani waione. "Mnayo nyingine?" akaniuliza. Nikasema ipo, maana alikuwa ananitolea macho. Akawasha gari, akaenda zake.

Nikasikia baba kutoka juu: "Kasuku! Ngazi iko wapi?"

"Imekwenda chuo."

Halafu mama akaanza kucheka. Alicheka, akajaribu kunyamaza, akashindwa, baba naye akashikwa. Mimi kicheko kile nilikuwa nimekisahau.

Nikawaambia nakwenda kuazima kwa jirani. Jirani alinipa palepale, hata robo saa haikupita. Nilipokuwa naipitisha getini nikawasikia. Mama amechora jengo la kazini kwake kwa chaki juu ya zege, anamweleza baba mabomba yanapita wapi na nyaya zinapita wapi. Baba anasema, "Ngoja, hapo kwenye lifti sijaelewa, rudia." Mama anarudia. Baba anauliza kama yule kijana bado anaruka pampu ikiwaka. Wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia, baba ametandika koti la suti chini ili mama asikae kwenye zege tupu. Koti alilonikataza hata mimi kuligusa!

Nikaiegemeza ngazi ukuta wa nyuma, wasikoweza kuiona, nikaenda kupika. Waliponiita nikawajibu kwamba jirani ametoka, namsubiri. Nikapika, nikafua, nikapiga pasi mashati mawili ya wateja. Jua lilipoanza kuwafikia pale walipokaa ndipo nikaileta, nahema kama niliyekimbia mji mzima.

"Mbona umechelewa hivyo?" baba akauliza.

Nikasema njia ilikuwa ndefu. Jirani alikuwa ameegemea ukuta wake, hatua nane kutoka kwetu, ameshika kikombe cha chai. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ni kweli, ni ndefu sana ile njia.

Kasuku